Hesabu ya Kundi L

Katika vijiwe vya kandanda vya Afrika Mashariki iko kauli iliyozoeleka hata ikachukuliwa kuwa ni kanuni, nayo yasema kwamba timu inayotaka kufuzu kwenda katika mashindano makubwa yaipasa iwashinde wadogo wa kundi lake na kuwavumilia wakubwa, kwa maana alama za mdogo ni haki ya kila mtu na alama za mkubwa ni bahati. Kauli hii haikukosa busara, na makocha wengi wameitegemea. Walakini Kundi L la mchujo wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2019, ambalo Tanzania ilikuwamo pamoja na Uganda, Cape Verde na Lesotho, liliipindua juu chini. Timu iliyofanya vibaya kuliko wenzake mbele ya wadogo ndiyo iliyofuzu, na timu ambayo haikufungwa na mtu yeyote ila mkubwa mmoja ndiyo iliyobaki kwao. Kwa kuwa wengi wetu huikumbuka jioni ya mwisho ya kundi lile kuliko hesabu iliyoitangulia, si vibaya kuifungua hesabu hiyo tena na kuisoma mstari kwa mstari.

Yafaa kwanza tueleze kundi ni nini, kwa faida ya msomaji ambaye hushangilia ushindi bila kujishughulisha na sheria zake. Nchi nne huunganishwa kwa kura, na kila moja hucheza na kila mwenziwe mara mbili, nyumbani na ugenini, hata kila timu ikatimiza michezo 6 na kundi zima michezo 12. Mshindi hupata alama 3, wanaotoka sare hupata alama moja moja, na aliyeshindwa hurudi mikono mitupu. Kutokana na mpango huu mchezo wenye mshindi huingiza alama tatu katika jedwali, hali mchezo wa sare huingiza mbili tu, hivi kwamba kila mara timu mbili zinapopatana kwa sare iko alama moja ambayo hupotea isipate mwenyewe. Katika michezo 12 ya Kundi L sare zilikuwa 4, na zote, isipokuwa moja, zilimhusu Lesotho; jambo hilo msomaji aliweke akilini, maana tutalirejea.

Njia hii haikuwa ndiyo njia ya baba zetu. Tanzania ilipofuzu kwa mara ya kwanza kwenda fainali za mwaka 1980 zilizochezwa Nijeria, mchujo ulikuwa wa mtoano, yaani nchi mbili zilikutana nyumbani na ugenini na moja ikatoka kabisa. Mwezi Agosti 1979 vijana wa Tanzania, waliokuwa wameishinda Zambia kwa bao moja Dar es Salaam, walikwenda Ndola kwa marudiano, wakatangulia kufungwa, na zikiwa zimebaki dakika chache Peter Tino akasawazisha bao ambalo wazee wa mpira hulisimulia mpaka leo. Bao lile lilifunga jambo palepale. Mtoano ni hukumu ya siku mbili, na bao moja la dakika za mwisho laweza kufuta makosa yote yaliyotangulia. Kundi halina huruma ya namna hiyo: hufanana na daftari la mwenye duka, ambamo deni dogo la mwanzo wa mwaka halifutwi na mauzo makubwa ya mwisho wa mwaka, bali hungoja palepale lilipoandikwa hata siku ya kujumlisha. Kundi L lilianza Juni 2017 likaisha Machi 2019, muda wa miezi 21, na makocha kadhaa walikuja na kuondoka kabla ya jumla kuandikwa.

Nchi zilizokutanishwa na kura iliyopigwa Januari 2017 mjini Libreville, katika nchi ya Gabon, hazikufanana kwa lolote ila kwa hamu. Uganda ilikuwa ndiyo kwanza imerudi katika heshima yake ya kale: ilifika fainali ya mwaka 1978 nchini Ghana ikashindwa na wenyeji, kisha ikakaa miaka 39 bila kuonekana, mpaka ilipofuzu kwenda Gabon mwaka 2017. Cape Verde, nchi ya visiwa kumi katika bahari ya Atlantiki, yenye watu wachache kuliko wilaya nyingine za Afrika Mashariki, ilijenga timu yake kwa vijana wa asili yake waliolelewa na klabu za Ulaya, hasa Ureno, na mwaka 2013 iliwashangaza watu kwa kuingia robo fainali katika safari yake ya kwanza. Lesotho, nchi ya milima iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, ambayo mji wake mkuu wa Maseru uko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,600, haikuwa imefuzu hata mara moja, na katika mazungumzo ya watu ilihesabiwa kuwa ni ya kuchukuliwa alama. Tanzania nayo ilikuwa katikati: ina uwanja wa watu 60,000, ina mashabiki wasiochoka, ina Mbwana Samatta aliyepata kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani na ambaye wakati ule alikuwa Genk ya Ubelgiji, na ina subira ya tangu mwaka 1980.

Mchujo ulipoanza, sharti lilikuwa gumu. Fainali zilikusudiwa kuwa za nchi 16, na makundi yalikuwa 12. Kwa hiyo kila kundi lingetoa mshindi wake, na katika washika nafasi ya pili wote wangechaguliwa watatu tu waliowazidi wenzao, pamoja na mwenyeji ambaye kwa wakati ule alikuwa Kamerun. Lakini mwezi Julai 2017, mchezo wa kwanza wa kila timu ukiwa umekwisha kuchezwa, Shirikisho la Kandanda la Afrika chini ya rais wake mpya, Ahmad Ahmad wa Madagaska, lilikutana Moroko likaamua kwamba fainali ziwe za nchi 24 na zichezwe Juni na Julai badala ya Januari na Februari. Kwa uamuzi huo nafasi ya pili, iliyokuwa tumaini la wachache, ikawa tikiti kamili. Ni haki kukiri kwamba pasipo badiliko hilo Taifa Stars, yaani timu ya taifa ya Tanzania, wasingekwenda popote, kwa kuwa alama zao za mwisho zilikuwa 8, na katika makundi mengine walikuwako washika nafasi ya pili waliofikisha 11 na 12. Basi mtu asiyajue mashindano kwa wachezaji tu. Kalamu ya wenye kutunga sheria nayo hufunga mabao.

Tuje sasa kwenye michezo yenyewe. Tarehe 10 Juni 2017, katika uwanja wa Chamazi nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, Tanzania iliyokuwa ikifundishwa na Salum Mayanga iliikaribisha Lesotho, Samatta akafunga, wageni wakasawazisha, na mchezo ukaisha kwa sare ya bao moja kwa moja. Siku iliyofuata Uganda ilikwenda Praia ikaishinda Cape Verde kwa bao la Geoffrey Sserunkuma katika dakika za mwisho. Matokeo haya mawili yalipita kama habari za kawaida, maana michezo ilibaki mitano na kalenda ilipokwisha kupangwa upya ikawa timu hazirudi uwanjani mpaka Septemba 2018. Lakini aliyeyatazama kwa jicho la hesabu angaliona kwamba kundi limekwisha kuonyesha sura yake: Uganda ilikuwa tayari kuchukua alama popote, na Lesotho haikuwa tayari kuwa chakula cha mtu.

Miezi kumi na mitano baadaye Tanzania ilikuja na mwalimu mwingine, Emmanuel Amunike wa Nijeria, mtu ambaye mwaka 1994 alifunga mabao mawili katika fainali ya kombe lilelile dhidi ya Zambia, na kwa hiyo alijua kwa nafsi yake vijana wake walikuwa wakitafuta nini. Mchezo wake wa kwanza wa mashindano ulikuwa Namboole, Kampala, tarehe 8 Septemba 2018, ukaisha bila kwa bila. Siku hiyohiyo Lesotho na Cape Verde walifungana bao moja moja mjini Maseru. Suluhu ya Namboole haikusherehekewa sana, kwa kuwa bila kwa bila haimpi mtu cha kusimulia. Walakini alama ile moja ilikuwa ya aina yake, na thamani yake tutaiona tukifika mwisho, maana katika kundi zima hakuna mgeni mwingine aliyetoka Kampala na chochote.

Mwezi Oktoba mambo yalikwenda kwa haraka. Tarehe 12 Tanzania ilifungwa mabao matatu kwa bila huko Praia, na siku nne baadaye, mbele ya watu wake, ikalipa kwa mabao mawili kwa bila, ya Simon Msuva na Samatta. Katika siku hizohizo Uganda iliishinda Lesotho mara mbili, tatu kwa bila Kampala na mbili kwa bila Maseru. Mpenzi wa Taifa Stars alifurahi, akaona kwamba alama zimepatikana na aibu imefutwa. Alama zilipatikana kweli, lakini aibu haikufutwa yote: lilibaki bao moja. Cape Verde walikuwa wamefunga matatu na kufungwa mawili katika michezo miwili baina yao na Tanzania, na sheria ya Shirikisho husema kwamba timu mbili zikilingana alama huangaliwa kwanza michezo waliyochezana wao wenyewe, kabla ya kuangaliwa mabao yote ya kundi. Kwa hiyo tangu siku ile Tanzania, ikilingana na Cape Verde, ingehesabiwa kuwa imeshindwa.

Kisha ikaja Maseru. Tarehe 17 Novemba Uganda iliishinda Cape Verde bao moja kwa bila Kampala, la Patrick Kaddu, ikafikisha alama 13 na kufuzu huku mchezo mmoja ukiwa bado. Jedwali lililobaki lilisoma hivi: Tanzania 5, Cape Verde 4, Lesotho 2. Kesho yake, tarehe 18, Tanzania ilikuwa ndani ya uwanja wa Setsoto ikihitaji kitu kimoja tu, yaani ushindi, ili ifikishe alama 8 ambazo Cape Verde isingeweza kuzifikia tena na Lesotho isingezikaribia. Safari ya miaka 39 ingeweza kutimia siku ile, milimani, bila kumngoja mtu wala kumwomba mtu. Badala yake katika kipindi cha pili Nkau Lerotholi aliifungia Lesotho bao la pekee, na kwa bao hilo nchi iliyodhaniwa kuwa ya kuchukuliwa alama ikapanda hadi alama 5 sawa na Tanzania, na juu ya usawa huo ikawa mbele yake, kwa kuwa katika michezo yao miwili ilikuwa imetoka sare moja na kushinda mmoja. Sare ya Chamazi, iliyosahauliwa na wengi, ilirudi kudai haki yake.

Kabla ya mchezo wa mwisho hali ilikuwa hivi: Uganda 13, Lesotho 5, Tanzania 5, Cape Verde 4. Nafasi iliyobaki ni moja na wanaoitaka ni watatu. Michezo ya siku ya mwisho, tarehe 24 Machi 2019, ilikuwa Tanzania na Uganda jijini Dar es Salaam, na Cape Verde na Lesotho mjini Praia. Tuipige hesabu kama walivyoipiga watu wengi kwenye mabaraza na ndani ya daladala. Kama Tanzania ingefungwa, ingebaki na 5, na kwa vyovyote vile mmoja wa wale wawili wa Praia, au wote, angeipita. Kama ingetoka sare, ingekuwa na 6. Lakini Lesotho nayo ikitoka sare ingekuwa na 6 na ingepita kwa sheria ya michezo ya wao kwa wao, na Cape Verde ikishinda ingekuwa na 7. Kwa hiyo sare haikuwa na faida hata chembe. Ilibaki kushinda, na ushindi peke yake haukutosha, maana Lesotho ikishinda Praia wangelingana alama 8, na usawa kwa Tanzania ulikuwa ni kushindwa. Neno fupi: Tanzania ilitakiwa imshinde mtu ambaye hakuwa amefungwa hata bao moja katika michezo mitano, na wakati huohuo imwombee dua Cape Verde asifungwe nyumbani kwake, umbali wa bara zima.

Hili ndilo jambo ambalo mtoano haulijui na kundi hulijua: kwamba majaliwa yako yaweza kuwa katika miguu ya watu usiowaona. Ndiyo sababu desturi ya mashindano ni kuichezesha michezo ya mwisho ya kundi kwa wakati mmoja, ili asiwepo mtu anayecheza huku akijua wenziwe wamemaliza vipi.

Jioni ile Uwanja wa Taifa ulifurika. Msuva alifunga dakika ya 21. Kipindi cha pili kilipoanza Erasto Nyoni akafunga mkwaju wa penalti, na muda mfupi baadaye Aggrey Morris akaongeza la tatu, yote kabla mchezo haujatimiza saa moja. Katika majina hayo matatu la Nyoni lina historia ya peke yake. Mwaka 2007, akiwa kijana, ndiye aliyeifungia Tanzania bao la ushindi mjini Ouagadougou dhidi ya Burkina Faso, wakati kocha Mbrazili Marcio Maximo alipoifikisha timu karibu kabisa na fainali za mwaka 2008, na tumaini lile likaja kuzimika kwa kufungwa na Msumbiji hapahapa Dar es Salaam. Mtu aliyeonja uchungu wa kundi akiwa kijana ndiye aliyepewa mpira auweke kwenye alama ya penalti miaka kumi na miwili baadaye. Nako Praia, Cape Verde na Lesotho walishindana dakika 90 bila kupata bao. Jumla ikaandikwa: Uganda 13, Tanzania 8, Lesotho 6, Cape Verde 5. Kesho yake Rais John Magufuli aliwaalika wachezaji Ikulu akawazawadia viwanja mjini Dodoma.

Wako walionung'unika, na manung'uniko yao yastahili kujibiwa kwa insafu, kwamba Tanzania ilikutana na Uganda iliyokwisha kushiba, isiyo na haja ya alama tena, hali Lesotho ilikutana nayo mara mbili katika siku nne za mwezi Oktoba, ilipokuwa na njaa. Manung'uniko haya yana kweli ndani yake. Kundi huwapa wote idadi moja ya michezo, lakini haliwezi kuwapa wote saa moja ya kukutana na kila mtu, na anayepangiwa mkubwa mwishoni huenda akamkuta amekwisha kutua mzigo. Hata hivyo kalenda ilipangwa na kujulikana na wote, na hakuna aliyemkataza Lesotho wala Cape Verde kufunga bao moja jioni ile. Fauka ya hayo, Tanzania ilikwisha kuonyesha mbele ya Uganda yenye njaa, mwezi Septemba pale Namboole, kwamba haikuwa mtu wa kukanyagwa.

Hapa ndipo tunapoweza kuipima ile kauli ya vijiweni. Tuichukue Uganda tuiweke kando, tuhesabu michezo sita tu waliyochezana wale watatu waliobaki. Lesotho walipata sare tatu na ushindi mmoja, jumla alama 6, wala hawakufungwa hata mara moja. Cape Verde walipata ushindi mmoja na sare mbili, jumla alama 5. Tanzania ilipata ushindi mmoja na sare moja, ikafungwa mara mbili, jumla alama 4. Kwa mizani hii Tanzania ilikuwa ya mwisho, na kama kufuzu kungeamuliwa kwa kuwashinda wadogo, basi mwenye haki ya kwenda fainali alikuwa Lesotho. Sasa tumrudishe mkubwa mezani. Lesotho walicheza naye mara mbili wakapata sifuri. Cape Verde walicheza naye mara mbili wakapata sifuri. Tanzania ilicheza naye mara mbili ikapata alama 4, moja ya Kampala na tatu za Dar es Salaam. Nne na nne ni nane, na nane ndiyo iliyosafiri.

Sababu ya jambo hili si fumbo. Wadogo wakiwa wamelingana nguvu, hunyang'anyana alama wao kwa wao, tena hupoteza nyingine katika sare, kama Lesotho ambaye katika sare zake tatu alikosa alama sita akapata tatu. Jedwali lao huwa limebanana, alama moja baina ya huyu na yule, wala hakuna anayeweza kumwacha mwenziwe mbali. Katika mbanano huo alama inayochukuliwa kwa mkubwa, ambayo wenzako hawakuichukua, ndiyo pekee isiyolipwa na mtu mwingine. Ni ziada halisi. Hata ile suluhu ya Namboole, ambayo kwa matokeo yalivyokuwa ingeweza kuonekana haikuhitajiwa, ilikuwa ikilinda mlango: kama isingalikuwapo, Tanzania ingefikisha alama 7 tu, na bao moja la Cape Verde pale Praia lingetosha kuwafikisha wenyeji kwenye 7 hizohizo na kuwapitisha kwa lile bao moja walilowazidi Watanzania mwezi Oktoba.

Safari yenyewe ilibadilika mahali pa kufikia. Mwisho wa Novemba 2018 Kamerun ilinyang'anywa uenyeji kwa sababu ya kuchelewa kwa maandalizi, na Januari 2019 Misri ikapewa. Huko zilikwenda nchi nne za ukanda wetu kwa pamoja: Uganda na Tanzania kutoka Kundi L, Kenya iliyokuwa haijaonekana tangu 2004, na Burundi iliyofuzu kwa mara ya kwanza kabisa. Uganda ilivuka hatua ya makundi ikatolewa na Senegali kwa bao moja. Tanzania ilifungwa na Senegali mawili kwa bila, ikatangulia mara mbili mbele ya Kenya kisha ikafungwa matatu kwa mawili, na ikafungwa na Aljeria matatu kwa bila. Na faraja iliyopatikana, kama ni faraja, ni kwamba Aljeria na Senegali ndio waliokutana katika fainali, na Aljeria ikalichukua kombe.

Mtu aweza kusema kwamba kundi moja si hoja, na kwamba bahati ya mara moja haifanyi kanuni. Basi tulitazame kundi la mchujo wa fainali zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, ambamo Tanzania na Uganda zilikutana tena, safari hii pamoja na Aljeria na Niger. Tarehe 24 Machi 2023, miaka minne kamili tangu jioni ile ya Dar es Salaam, Tanzania iliishinda Uganda kwa bao la Msuva mjini Ismailia, Misri, ambako Waganda waliupeleka mchezo wao wa nyumbani. Siku nne baadaye Uganda ikalipiza Dar es Salaam kwa bao moja la dakika za mwisho. Dhidi ya Niger kila mmoja alipata sare na ushindi. Ukimtoa mkubwa, ambaye hapa alikuwa Aljeria, Tanzania ilikuwa na alama 7 na Uganda ilikuwa na alama 7, hakuna aliyemzidi mwenziwe. Lakini Uganda ilicheza na Aljeria mara mbili ikafungwa mara mbili, hali Tanzania, iliyofungwa naye Dar es Salaam, ilikwenda Annaba tarehe 7 Septemba 2023, ikalinda lango lake dakika 90 na kutoka bila kwa bila. Jumla: Aljeria 16, Tanzania 8, Uganda 7, Niger 2. Alama nane zilezile, na tofauti ya nane na saba ilikuwa ni alama ile moja ya Annaba.

Kwa hiyo kura ya makundi inapopigwa, na watu wanapoanza kuandika kwenye karatasi wapi patapatikana alama tatu na wapi hapapatikani kitu, aliye makini asiiandike sifuri kabla ya wakati mbele ya jina la mkubwa. Kumshinda mdogo ni wajibu, na anayeushindwa wajibu huo hujitia katika taabu kama ile ya Maseru. Lakini wajibu hutimizwa na wengi, na kundi lina nafasi mbili tu. Suluhu ya ugenini mbele ya aliye bora kuliko wote, mchezo ambao magazeti huupa mistari michache na mashabiki huulalamikia kwa kukosa mabao, mara mbili katika miaka mitano imekuwa ndiyo mali iliyoitofautisha Tanzania na majirani zake katika jedwali, na timu inayokwenda kwa mkubwa ikiwa imekwisha kukubali kushindwa huacha huko alama ambayo haitaipata mahali pengine popote.